Meza moja, watu watatu: nani anakula, nani anapiga muziki, nani alilima?

Wenzangu, leo tuache kidogo mambo ya mbegu na mbolea, tuingie katika historia. Lakini musiogope, mutaona kama tutarudia palepale ku shamba.

Huko Ulaya na Amerika kuko namna moja ya mangaribi yenye watu wa mijini wanapendaka sana siku hizi. Restora iko katikati ya shamba ao pembeni yake. Mboga ilivunwa asubui, kuku alikulia nyuma ya nyumba, jibini ilitoka kwa mufugaji jirani na jina lake limeandikwa ku menyu. Kisha, wakati sahani zinaanza kuingia, watu wane wanashika vyombo vyao, violoni mbili, alto na selo, wanaanza kupiga Haydn ao Mozart. Mutu analipa mara moja kwa vyote viwili: chakula cha shamba na muziki wa zamani. Wenye kutangaza ile mangaribi wanasema kama ni kitu kipya.

Si kipya. Ile meza iko ya zamani sana. Kipya ni kitu kingine, chenye hakionekani ku picha: ni mukataba, ile yenye tunaitaka kontra. Nani alipatana na nani, nani analipwa na kwa nini, jina la nani linaandikwa. Katika hii historia kuko watu watatu: mwenye kula, mwenye kupiga muziki, na mwenye kulima. Wa kwanza tunamujua, juu alikuwa na feza ya kulipa watu wa kuandika habari zake. Wa pili aliteseka, lakini akatoka. Wa tatu alichelewa sana kutoka. Kama uko na diplome ya agronomia, huyu wa tatu njo anakuhusu.

Mutoto wa mupishi

Joseph Haydn, mwenye wengi wanaitaka baba wa sinfonia, alizaliwa tarehe 31 Machi 1732 katika kijiji cha Rohrau, inchini Austria, karibu na mupaka wa Hungaria. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni. Mama yake, mbele ya kuolewa, alikuwa mupishi katika nyumba kubwa ya Harrach, jamaa yenye kutawala pale. Ni kusema baba wa sinfonia alizaliwa na mutu wa jikoni.

Mutoto alikuwa na sauti nzuri. Akaachana na wazazi akingali mudogo sana, akaenda kuimba katika kwaya ya kanisa kubwa la Mutakatifu Stefano, Vienna. Sauti ilipobadilika, akatolewa. Kuanzia pale akaishi kwa kufundisha watoto wa wengine na kupiga muziki fasi yote yenye walimuita. Sisi watu wa Kongo tunajua ile maisha, tunaiitaka Artikle 15.

Tarehe 1 Mei 1761, wakati alikuwa na miaka 29, akapata kazi ya kudumu kwa jamaa ya Esterházy, moja kati ya jamaa tajiri zaidi za Hungaria. Mukubwa wa ile jamaa alikuwa prensi. Usifikirie tu mutu wa taji na nguo nzuri. Fikiria mwami mwenye udongo, misitu, samaki wa ziwa, na hata siku za kazi za watu wenye kukaa pale vyote viko vyake. Kwa Haydn, ile siku ilikuwa sawa vile kwetu mutu anapata nafasi katika ONG kubwa: mushahara unajulikana, jamaa nzima inapumua.

Ile kontra iko mpaka leo na watu wanaisoma. Inasema nini? Kama atavaa iniforme ya ile nyumba, soksi nyeupe, nywele zenye kutiwa unga. Kama kila siku, mbele na nyuma ya saa sita ya muchana, atasimama katika chumba cha kungojea, aambiwe kama leo prensi anataka muziki ao hataki. Kama muziki wote wenye atatunga kwa amri ya prensi ni wa prensi peke yake: hawezi kuuachilia watu waukopie, na hawezi kutungia mutu mwingine bila ruhusa. Mushahara ni guldeni 400 kwa mwaka. Na chakula? Atakula ku meza ya watumishi wakubwa wa ile nyumba, ao apewe nusu ya guldeni kwa siku.

Angalia vizuri mahali pake. Meza ya prensi iko mule katika chumba kikubwa. Haydn anaitumikia ile meza, lakini haikalie.

Mushahara wenye kutoka katika gala

Kuko jambo lingine lenye lilinishangaza zaidi, mimi mutu wa agronomia. Guldeni haikuwa malipo yote. Kontra yake ya 1779 inataja, zaidi ya feza, vitu vya kula na vya kutumia: ngano, nyama ya ngombe, chumvi, mafuta, mishumaa, divai, kabichi, kuni, nguruwe, na chakula cha farasi wawili. Mutungaji wa muziki mwenye alikuwa anaanza kujulikana Ulaya nzima alilipwa sehemu moja kwa mavuno. Ukitafuta muziki wenye kuungana na shamba kwa kamba fupi, hautapata kamba fupi kuliko ile.

Sasa uliza swali lenye wanahistoria wa muziki hawaulizake mara nyingi: ile ngano ililimwa na nani?

Mwaka wa 1767, Maria Theresa, mwenye kutawala Austria na Hungaria, akatoa sheria yenye kupanga deni la mukulima wa Hungaria kwa bwana wa udongo. Mukulima mwenye shamba kamili alipaswa kumutumikia bwana siku 52 kwa mwaka akiwa na wanyama wake wa kulimia, ao siku 104 kwa mikono mitupu. Juu ya ile, alitoa sehemu ya tisa ya mavuno kwa bwana, na zaka, ni kusema sehemu ya kumi, kwa Kanisa. Na mujue kama ile sheria iliandikwa kwa kuwalinda wakulima, juu mabwana wengi walikuwa wanadai zaidi.

Wewe mwenye ulijifunza kalenda ya kilimo, fanya hesabu. Siku 104 ni siku mbili kwa kila juma, mwaka muzima. Tena siku haziko sawa. Siku moja ya mwezi wenye kazi imelala, na siku moja ya mavuno wakati mvua inakuja, ku karatasi ni siku moja na moja. Ku shamba, ile ya pili inaweza kuwa chakula cha miezi. Bwana naye ngano yake inakauka wakati ileile ya mukulima. Unafikiri walianzia kuvuna ya nani?

Mangaribi mbili za Septemba 1773

Prensi Nikolaus, mwenye alikamata utawala wa ile jamaa mu 1762, alikuwa amejenga nyumba mpya yenye kuitwa Eszterháza, katika eneo la potopoto karibu na ziwa, mbali na miji. Ilikuwa na bustani, na nyumba ya opera yenye ilifunguliwa mu 1768, na kisha ukumbi mwingine kwa ajili ya michezo ya masanamu yenye kuchezeshwa kwa kamba. Tarehe 1 na 2 Septemba 1773, Maria Theresa mwenyewe akaja kutembea kule.

Siku ya kwanza wakamupigia opera ya Haydn yenye jina *L'infedeltà delusa*. Ni mchezo wa kuchekesha, na watu wake ni wakulima na wanakijiji wa Toscana. Orkestra ikapiga katika nyumba ya bustani yenye vioo na taa, wapigaji wote katika iniforme, Haydn mbele yao. Siku ya pili wakafungua ukumbi wa masanamu kwa mchezo mwingine wa Haydn, *Philemon na Baucis*. Ile hadisi munaweza kuwa munaijua: wazee wawili maskini wa kijiji wanapokea wageni, wanawapa kitu chote chenye kiko katika nyumba, kumbe wageni ni miungu wenye walijificha katika sura ya watu. Ni hadisi ya chakula cha shamba ku meza ya mukulima mwenyewe, na wenye kuisikiliza walikuwa watu wenye hawajashika jembe hata siku moja.

Hata Haydn alitoa kitu kwa jikoni. Alikuwa anapenda kuwinda, na akasimulia mutu mwenye aliandika maisha yake kama siku moja aliangusha ndege watatu kwa risasi moja, na wale ndege wakafika ku sahani ya Maria Theresa.

Kisha giza likaingia, wakapasua fataki mbinguni. Na nyuma ya fataki, mamia ya wakulima wakaletwa, wamevaa nguo zao nzuri za Kihungaria na za Kikroatia, wakaimba na kucheza ngoma za kwao mbele ya wageni.

Mimi ninasimama palepale. Katika ile sikukuu mukulima yuko fasi yote. Yuko ku opera, lakini mutu mwingine njo anaimba sehemu yake. Yuko katika mchezo wa masanamu, lakini yeye ni mbao na kamba. Yuko ku sahani, lakini ngano haina jina. Na mwisho analetwa yeye mwenyewe, acheze, wageni wafurahi. Septemba, ndugu zangu, ni wakati wa kuvuna zabibu na kutayarisha shamba ya ngano ya mwaka wenye kufuata. Kesho yake kazi iliwangojea.

Mushumaa mumoja mumoja

Wenye kupiga muziki walikuwa na uchungu wao pia. Mwaka mmoja mbele, mu 1772, prensi alirefusha kukaa kwake Eszterháza. Wapigaji wengi hawakuruhusiwa kuleta wanawake na watoto wao, wenye walibakia katika muji wa Eisenstadt. Wakamulilia Haydn. Haydn hakuandika barua ya malalamiko. Akatunga sinfonia, yenye leo iko na namba 45 na jina la *Kuagana*. Mwisho wake, wapigaji wanamaliza sehemu yao mumoja mumoja, mutu anazima mushumaa wake, anashika chombo chake, anatoka. Wanabakia violoni mbili tu. Wenye waliandika maisha ya Haydn wanasema prensi alielewa, na kesho yake akaamuru watu warudie kwao.

Tunaipenda sana ile hadisi, na ni vizuri. Lakini tuone pia upande mwingine: wakulima wa pale hawakuwa na mushumaa wa kuzima. Mupiga violoni akitoka, prensi anaona kiti kitupu mbele ya macho yake. Mukulima akichoka katika shamba ya mbali, habari inafika kwa musimamizi wa kazi, na inaishia pale.

Mozart naye alipitia ile njia. Mu Machi 1781 alikuwa Vienna pamoja na watu wa askofu mukubwa wa Salzburg, bwana wake. Akamuandikia baba yake namna wanakaa ku meza: watumishi wa chumba cha bwana wanakaa ku kichwa cha meza, yeye anakaa chini yao, na wapishi wanakaa chini yake. Mutu mwenye opera zake zinachezwa mpaka leo dunia nzima alikuwa kati ya mutu wa kupanga nguo na mutu wa kupanga sufuria. Miezi michache kisha, Mozart akaacha ile kazi kwa ugomvi mukubwa, na mutu wa askofu akamufukuza kwa teke. Mu 1787, katika opera yake *Don Giovanni*, Mozart akaweka bwana mumoja ku meza, anakula na kunywa wakati wapigaji wanamupigia nyimbo zenye watu walizipenda wakati ule. Hakuhitaji kuwaza mbali. Ile meza aliijua.

Mutu mwenye aliuza mbele ya kuvuna

Lakini mbele yao wote, katika muji wa Hamburg, mutu mumoja alishaonyesha njia ingine. Georg Philipp Telemann hakuwa na prensi mumoja. Hamburg ilikuwa muji wa wafanyabiashara. Mu 1733 akatangaza kitabu cha muziki chenye jina *Musique de table*, ni kusema Muziki wa meza. Namna gani alipata feza ya kuchapisha? Aliomba watu wajiandikishe mbele. Majina ya wenye kujiandikisha yakachapishwa, na waliomba zaidi ya vitabu 200, vingine vikaenda mbali katika inchi zingine. Mu London, Handel, rafiki yake wa zamani, alikuwa kati yao.

Agronomi anaelewa mara moja. Ni sawa na mukulima mwenye anapata wanunuzi mbele ya kupanda, jina kwa jina, na hangojei mwenye gari aje kumupangia bei ku barabara siku ya kuvuna. Muziki ulikuwa uleule wa kupigia watu wenye kula, lakini sasa mwenye kuutunga njo aliuuza.

Tena kuko jambo dogo lenye lilinifurahisha. Katika uzee wake, Telemann alipenda sana bustani. Mwisho wa mwaka wa 1750, Handel akamutumia kutoka London sanduku la mimea. Watu wawili wenye muziki wao unapigwa mpaka leo wakati wengine wanakula, wao waliandikiana juu ya mimea.

Namna Haydn alitoka, na mukulima akabakia

Turudi kwa Haydn. Ile kontra ya 1779, yenye ilitaja nguruwe na kabichi, ilikuwa na badiliko moja kubwa: neno la kumukataza kutungia na kuuzia wengine halikuwemo tena. Nyuma kidogo tu akaanza kuuza muziki wake kwa nyumba ya kuchapisha ya Artaria, Vienna. Muziki ukatembea kuliko mutungaji wake.

Tarehe 28 Septemba 1790 Prensi Nikolaus akakufa. Mwenye kumufuata hakuwa na mapendo ya muziki, akafukuza karibu orkestra yote. Haydn akabakia na jina la kazi na feza ya kila mwaka, lakini bila kulazimishwa kukaa pale. Akaja Johann Peter Salomon, mupiga violoni mwenye alikuwa anatayarisha konseri London, akamuchukua. Tarehe 16 Mei 1791 wakafanya konseri yenye faida yake ilikuwa ya Haydn mwenyewe. Walikuwa wamemuahidi pauni 200, akapata 350. Mu Julai ya mwaka ule, Inivesite ya Oxford ikamupa udaktari wa heshima. Mutoto wa mupishi akavaa joho.

Na mwenye kulima ile ngano? Mu 1785 Josef wa Pili, mutoto wa Maria Theresa, akaondoa sehemu ya kifungo cha wakulima wa Hungaria: sasa mutu aliweza kuhama, kuoa, na kujifunza kazi bila kuomba bwana ruhusa. Lakini siku za kazi na sehemu ya tisa zikabakia. Ziliondolewa mu 1848. Kutoka 1779, wakati Haydn alianza kuwa huru kuuza, mpaka 1848, ni miaka 69. Mutoto mwenye alizaliwa ku shamba ya ile jamaa katika mwaka wa kontra ya pili ya Haydn alizeeka akiwa na ile deni.

Juu ya nini ile tofauti? Si kwa sababu mwenye muziki alikuwa na akili kuliko mwenye jembe. Ni kwa sababu ya namna ya kitu chenye kila mumoja alitoa. Muziki unaandikwa ku karatasi, karatasi inapita mupaka, inachapishwa London na Paris, na jina la mwenyewe liko juu yake. Ngano inasagwa, inachanganyika na ya wengine, jina linapotelea ku mashini. Violoni inabebwa ku mugongo. Shamba haibebwe.

Mu 1801, akiwa tayari muzee, Haydn akatoa *Majira*, kazi kubwa ya muziki juu ya maisha ya wakulima katika misimu yote ya mwaka. Ilipigwa mara ya kwanza Vienna, katika nyumba ya prensi mumoja. Ku masika, mukulima anapita nyuma ya jembe lake na anapiga miluzi. Wimbo gani? Ule wa sinfonia namba 94 ya Haydn mwenyewe, yenye ilipata sifa kubwa London mu 1792. Mukulima anapiga miluzi ya wimbo wenye umeshapatia mutungaji feza na jina. Haydn bila shaka alitaka kuchekesha. Lakini ukisoma kwa macho ya agronomi, unaona umbali wote wenye ulikuwa umeingia kati ya wale watu wawili, wenye mbele walilishwa na gala moja.

Jina linafika ku menyu

Turuke sasa bahari na miaka. Tarehe 28 Agosti 1971, katika muji wa Berkeley, California, Alice Waters na wenzake wakafungua restora ndogo yenye kuitwa Chez Panisse. Kila mangaribi walipika chakula kimoja tu chenye kupangwa mbele, na walitafuta vitu vizuri karibu na kwao. Mu Oktoba 1976 wakapanga chakula chenye menyu yake ilisema kila kitu kilitoka wapi: samaki wa mto fulani, jibini ya nyumba fulani, bata wa muji fulani. Kidogo kidogo restora zingine zikafuata, na majina ya mashamba yakaingia ku menyu kama vile majina ya watungaji yako ku programu ya konseri.

Kuanzia pale, restora ya shamba kuita wapiga violoni ilikuwa jambo la kungojea tu. Watu wawili wenye walikula katika jikoni moja wamerudi katika chumba kimoja, safari hii na majina yao. Njo maana sichekelee ile mangaribi. Kuandika jina la mukulima ni kitu kikubwa. Lakini jina si malipo. Haydn alikuwa na jina mu 1773 tayari, na aliendelea kungojea amri katika chumba cha mbele.

Na sisi, tuko upande gani wa meza?

Tusione kama haya ni mambo ya wazungu tu. Tarehe 20 Februari 1917, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ikaandika sheria ya kulazimisha wakulima wa Kongo kulima mazao yenye serikali ilichagua, mpaka siku 60 kwa mwaka. Mu 1942, wakati wa vita, zikapandishwa mpaka 120. Zilinganishe na zile 104 za Hungaria. Tena zilikuja miaka 94 nyuma ya kuondolewa kwa zile za Hungaria. Ulaya ilikuwa imeshajifunza kama ile kitu ni ubaya, kisha ikaileta kwetu na jina lingine.

Nani alikuwa anapita ku mashamba ya pamba kupima na kukagua kama watu wamelima? Agronomi wa serikali na monitere wake. Uliza wazee wa vijiji vyenye vililima pamba. Kazi yenye tunasomea miaka mingi, hapa kwetu ilianzia upande wa musimamizi. Ndiyo maana mukulima muzee akimuona kijana wa lisanse anashuka ku moto na karatasi ku mukono, mara ingine ananyamaza kwanza. Hatuchukie. Anakumbuka.

Muziki wa klasiki nao uko kwetu, na haukuletwa na prensi. Mu 1994, Kinshasa, Armand Diangienda, mwenye alikuwa rubani wa ndege na mujukuu wa Simon Kimbangu, akaanzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Mwanzoni vyombo vilikuwa vichache, watu wakapokezana. Muchana mutu anafanya kazi yake ya kila siku, mangaribi anajifunza Beethoven. Filamu *Kinshasa Symphony* ya 2010 ikawaonyesha kwa dunia. Wale watu hawangojei amri katika chumba cha mbele. Lakini swali la zamani linabakia: nani analipa mupiga violoni, na kwa nini?

Kwa hiyo, siku mutu anafungua restora ya bustani Goma, Bukavu ao Lubumbashi, na mangaribi kuko muziki, mimi nitafurahi. Sambaza ya Kivu, lengalenga ya Kabare, jibini ya Masisi: kwetu chakula kutoka ku shamba mpaka ku meza si mutindo, ni maisha, mama anakileta ku mugongo asubui sana. Chenye hatuna ni kontra. Na kontra njo kazi yetu, sisi wenye tulisoma.

Mbele ya kupiga makofi, tuulize mambo matatu. La kwanza: bei ilipatanishwa mbele ya kupanda, ao siku ya kuvuna wakati mboga inaanza kunyauka na muuzaji hana nguvu tena ya kukataa? La pili: mvua ikikosa ao barabara ikifungwa, hasara inaangukia nani? Kama ni mukulima peke yake, basi sehemu ya tisa imerudi na nguo ingine. La tatu: ile kontra imeandikwa kwa luga gani? Karatasi ya Kifaransa kwa mama mwenye anasoma Kiswahili ni amri, si mapatano.

Na kwa kijana mwenye kupiga gitare ao piano pale ku kona, mambo ni yaleyale. Kumuambia "utakula hapa, tutakupa na soda", ni kumurudisha kwa nguruwe na kabichi ya 1779. Na Haydn, angalau, alikuwa na guldeni pembeni.

Kama uko na kaka, dada ao rafiki mwenye anafikiri kufungua biashara ya namna hii, musaidie kuandika kontra mbele ya kumusaidia kuchagua rangi ya viti. Ukurasa mumoja unatosha: kilo ngapi, bei gani, siku gani, hasara ya nani, na majina mawili chini. Kisha muite wapiga violoni.